Dadi Alivyoshindwa Kushindwa

Hoteli ya Wajerumani pale karibu na stesheni ya Morogoro ilikuwa na meza ya biliadi, ya kijani, isiyo na hata tundu moja, na mipira mitatu ya pembe. Ukiupiga wako kwa fimbo ukaigusa ile miwili, umepata. Dadi aliajiriwa kuifuta vumbi. Aliifuta, akaipapasa, akaichezea wenyewe wakikoroma mchana, hata akawa bingwa. Mjerumani aliyeshuka kwenye treni na majivuno yake alipanda tena bila hayo.

Mwenye hoteli watu walimwita Bwana Tumbo. Maana yake hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mchana mmoja kapteni wa Dar es Salaam akatia sharti: Dadi akimshinda, kesho anamchukua akawachezee maofisa wenzake huko. Kapteni hakataliwi. Bwana Tumbo akamwinamia Dadi: “Ukiniaibisha, viboko khamsa ishirini.”

Dadi aliwaza kwa matako kwanza, ndipo kwa moyo. Keshokutwa, kule Kinole, mchumba wake Pili anatolewa ndani. Mjomba wa Pili alishasema: mwali akitoka na mchumba hayupo, anapewa Mwinjuma. Na Mwinjuma ameshaanza kuchonga kitanda!

Basi heri viboko. Viboko hupona. Akaamua kushindwa.

Dada yake Asia, aliyeshuka mlimani kumchukua, alikuwa mlangoni pa jikoni; Dadi akamnong'oneza shauri lake. “Kaka, waombe wakuchape mapema. Njia ni ndefu.”

Dadi akapiga upogo makusudi. Mpira ukagonga ukingo, ukarudi, ukaigusa yote miwili. Akapiga tena, amefumba macho. Ukagusa! Kapteni akashangilia. Yeye bia ilikuwa imempanda, akawa anauliza mpira wake ni upi. Dadi akamwonyesha, akamsogezea, alibakiza kumshikia mkono tu. Kapteni akapiga hewa.

“Jamani, gonga!” Dadi akanong'ona, jasho linamtiririka.

Hakugonga. Mchezo ukaisha, kapteni akamkumbatia kama mkwe. Bwana Tumbo akamfungia stoo ya unga, asije akapotea kabla ya treni.

Asia akaja dirishani.

“Mwambie mjomba wa Pili anisubiri.”

“Mjomba atasubiri, kaka. Mwali je, akae ndani mpaka aote ndevu?”

“Mwambie Pili nilijitahidi kushindwa.”

“Nani ataniamini?”

Asia akajifunga kanga kiunoni, akaushika mlima. Dadi akamtazama kupitia nondo, mpaka migomba ikamficha.