Ushanga wa Chumba cha Nahodha

Kwa miezi kumi na minne mwanahistoria hakuuona ule mstari. Aliupima ushanga wa buluu, akauchora, akauandikia kurasa kumi na moja, na kwa kuwa aliuona kuwa pambo la kike, juu yake akajenga hoja yake yote: kwamba meli ya maharamia iliyozama nje ya bandari iliongozwa na mwanamke. Wanawake maharamia walikuwapo, hilo halikuwa na ubishi. Ila hati za mahakama ziliwataja wengi wao kama wake au mahawara wa fulani. Yeye alitaka kumrudishia mmoja usukani wake.

Zikiwa zimebaki siku tatu maonyesho ya meli hiyo yafunguliwe, shangazi yake, mshonaji, alifika makumbusho kuivalisha sanamu ya nahodha. Pini tatu mdomoni, akainamia trei yenye ushanga ule.

"Huu nao unafanya nini hapa?"

"Ndio wenyewe, Shangazi. Umetoka chumbani mwa nahodha. Miaka mia tatu chini ya maji."

Shangazi akatoa pini, moja baada ya nyingine. "Mwanangu, mimi natunga shanga tangu hujaota meno. Pitisha ukucha hapa. Unausikia mstari? Hapo ndipo nusu mbili za kalibu ya kumiminia plastiki zilipokutana. Basi haramia wako alinunua dukani kwangu!"

Mwanahistoria hakucheka. "Wapiga mbizi waliukuta mchangani, chini ya mbao."

"Kwani plastiki hubisha hodi?"

Akapasha sindano moto kwa kiberiti, akaugusa ushanga. Sindano ikazama kama kwenye siagi, na chumba kikanuka ndoo iliyoungua.

Mkurugenzi alipoitwa, jambo la kwanza alifunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Shangazi tu."

"Huyo ni wa nyumbani. Daktari, mabango yameshachapwa. Tufungue. Mwakani tutasahihisha kimyakimya."

"Mwakani nitakuwa nimeshauzoea uongo," alijibu, akavua koti, akaagiza trei zote zilizotoka kwenye meli ile ziletwe.

Zilikuwa shanga arobaini na tatu. Mwanahistoria alishika sindano, Shangazi kibano.

"Kioo. Kioo. Kioo. Aa, huyu naye mteja wangu!"

Tisa ziliyeyuka. Za kioo zilikuwa za shehena, bidhaa ya kuuzwa, na hazikusema lolote kuhusu aliyeshika usukani. Mwanahistoria aliandika taarifa ya ukurasa mmoja, akaeleza kosa lake bila kujitetea, akaiweka mezani kwa mkurugenzi na kusimama pale mpaka mkurugenzi akaitia saini. Kisha akarudi kwenye hati za mahakama na kuanza kuzisoma upya, kuanzia ya kwanza.

Maonyesho yalifunguliwa wiki tano baadaye. Bango jipya linasema kwamba jinsia ya nahodha haijathibitishwa. Kitabu alichokuwa akikiandika juu ya nahodha huyo bado hakijachapwa. Tangu hapo, hakuna kitu kutoka baharini kinachopewa umri katika jumba lile kabla ya kuchunguzwa kama ni plastiki, na anayekichunguza wa kwanza ni Shangazi, mwajiriwa wa kudumu.