Mafuta ya Taa Katika Glasi ya Bwana

Bwana Hartnell aliinusa glasi yake mara mbili, akaiweka mezani polepole, kisha akasema, "Hii divai nanuka mafuta ya taa."

Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka wa 1954, katika nyumba ya mawe juu ya Nakuru, ukipanda kwenda Dundori. Mezani walikuwa watatu: Bwana, Memsahib, na mgeni wao, ofisa wa usalama aliyekuwa ameilaza bastola yake kando ya uma. Mimi nilisimama karibu na kabati, mikono nyuma, nikingoja kuondoa sahani za supu. Mwaka ule wa hali ya hatari, Wakikuyu wakiwa vitani na serikali, Mzungu akinusa mafuta ya taa mahali yasipostahili, hakufikiria taa. Alifikiria sumu, akafikiria Mkikuyu aliye karibu naye zaidi. Mimi si Mkikuyu; wa karibu zaidi alikuwa Kang'ethe, mpishi wetu, na ndiye aliyeizibua ile chupa jikoni.

Aliitwa. Akaja akijifuta mikono kwa aproni.

"Wewe natia nini kwa divai?"

"Sijatia kitu, Bwana. Nimefungua tu, nikaleta."

Ofisa hakupandisha sauti. Alimwambia mpishi aende avae viatu, lori liko nje. Sote tulijua lori lile linakokwenda: kambi ya mahojiano. Shamba la jirani lilikuwa limetoa wanaume wanne wakati wa mvua. Alirudi mmoja, na alirudi hawezi kushika jembe.

Na mimi nilijua ile harufu ni ya nini. Aibu yangu iko hapo, basi niiseme kabisa: nilijua tangu Bwana aliponusa mara ya kwanza, na nikanyamaza.

Kabla ya kuja kwa Hartnell nilikuwa nimemtumikia miaka saba mzee mmoja wa Kizungu kule njia ya Naivasha, kapera aliyependa divai nyeupe kuliko alivyopenda watu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha glasi. Wageni huacha mabaki, na mabaki yana harufu, na mtu ana ulimi. Sheria ilimkataza Mwafrika kugusa pombe ya chupa ya Wazungu, kwa hiyo nilionja nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo.

Mzee alikuwa na aina mbili tu. Moja iliitwa Stini, ya zabibu za Afrika Kusini. Ilijaa mdomoni, laini, ina pera lililoiva na asali kwa mbali, na nyuma ya asali kuna manyoya ya kondoo aliyenyeshewa. Mimi niliyelelewa katikati ya kondoo sikuona ubaya wowote. Stini haikuwa na siri. Ilikupa ilicho nacho chote mara moja, kisha ikaisha. Ya pili, ile ya chupa ndefu nyembamba, iliitwa Rislingi. Hiyo ilikuwa kavu, yenye ukali wa limau, inakaza mashavu, nawe ukidhani umeshaimeza ndipo inaanza kukuonyesha mambo yake. Ikiwa changa ilinukia maua na tufaha bichi. Ikikaa miaka kumi, baadhi ya chupa zilianza kunuka mafuta ya taa. Sababu sikuijua. Nilichojua ni kwamba mzee aliposikia harufu hiyo alifumba macho kwa raha. Mwaka wa kwanza nilidhani ana wazimu. Mwaka wa tatu nilikuwa nikifumba macho pamoja naye, yeye sebuleni, mimi jikoni.

Alipokufa, vitu vyake vilipigwa mnada. Hartnell akanunua masanduku mawili ya divai asiyoijua, kwa sababu mabwana wengine walikuwa wakimtazama. Mimi nilikuja baadaye kuomba kazi. Kang'ethe alinifuma na glasi wiki ya pili. "Mama Kimutai," akanitania, "huo ulimi wako utatuletea polisi." Hakumwambia mtu.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya meza ile, na hakunitazama. Alitazama sakafu, akatazama dirisha, akatazama supu iliyokuwa ikipoa. Neno moja tu, muulizeni Jepkoech, yaani mimi, na mzigo ungekuwa wangu. Nilidhani ananilinda, na nilimchukia kwa hilo. Nyumba niliyolala ilikuwa ya shamba. Kimutai wangu alikuwa akisoma shule ya misheni kwa barua ya Memsahib. Nilijiambia watamhoji tu, watamrudisha. Nilijiambia hivyo hadi alipofika mlangoni.

"Bwana," nikasema, "hiyo si mafuta. Ni zabibu yenyewe. Ikizeeka inanuka hivyo."

Memsahib aliweka kijiko chini.

"Fungua ingine, Bwana. Fungua na mkono yako mwenyewe."

"Na wewe najua namna gani?" akauliza ofisa.

"Nimeionja."

Ofisa alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepata wawili badala ya mmoja. Aliniamuru nigeukie ukuta. Nikasikia akienda stoo, nikasikia vizibo viwili vikitoka. Nilipogeuka palikuwa na glasi mbili, na chupa zimefichwa chini ya meza.

"Sema."

Ya kwanza haikunisumbua. "Hii ni Stini. Ina kondoo."

Ya pili niliinusa, nikapata limau. Nikanusa tena. Limau tu. Niliwaambia si kila chupa hunuka? Hapana, hilo sikuwaambia. Nikamsikia Kang'ethe akihema mlangoni. Halafu nikakumbuka kwamba stoo ni baridi, na kwamba ile chupa ya kwanza ilikuwa imekaa asubuhi nzima karibu na jiko. Nikaikumbatia glasi kwa viganja viwili, nikaizungusha kama mzee alivyokuwa akiizungusha, na nikasubiri wakati Wazungu watatu wananitazama. Mafuta ya taa yakapanda.

"Rislingi," nikasema. "Ya masanduku ya mnada."

Ofisa aliichukua, akanusa, akampa Bwana. Bwana alinusa na masikio yake yakawa mekundu. Hakuna aliyeomba radhi. Ofisa alikaa, akavuta kitambaa chake mapajani, akasema, "Mpishi, lete nyama."

Memsahib hakuniuliza nimekunywa kiasi gani. Aliniuliza kama nilikunywa kwa glasi zake. Nikasema ndiyo. Akasema niwe nimeondoka kabla ya jua kutua, na ile barua ya shule ataiandikia barua nyingine ya kuifuta.

Nilipopita jikoni na kifurushi changu, Kang'ethe alikuwa amenikatia kipande cha paja la kondoo, amekifunga kwa gazeti. Alinipa kwa mikono miwili. Sasa ndipo aliponitazama.

"Mama Kimutai," akasema, "ungekawia kidogo tu, ningekutaja."

"Najua, Baba Wangare," nikasema, ingawa sikuwa nikijua.

Niliteremka kwa miguu hadi Nakuru. Nilipoona ziwa nikakaa kando ya barabara, nikafungua gazeti, nikala. Miaka miwili nilikuwa nimekula chakula cha mtu yule, na hakuna siku aliyokosea. Nyama ile, aliyoimalizia baada ya kurudi jikoni, haikuwa na chumvi hata kidogo.