Sauti ya Kuitia Ndama

Malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalipoanza kuingia Dutwa, Novatus, mwalimu wa kwaya, aliacha nyimbo akaenda kupanga marobota. Katekista Januarius akamkabidhi Nyanjige watoto wa kwaya, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Nyanjige alikuwa mwoga wa watu. Shule aliiachia darasa la nne, baba yake akahama na ng'ombe kwenda Rukwa, naye akabaki na bibi ambaye masikio yake yalishakufa. Nyumbani kwao mtu angeweza kuimba mpaka achoke asijibiwe.

Watoto walishika wimbo haraka, isipokuwa Minza, wa miaka saba. Yeye alikwenda na sauti moja tu, akinguruma tangu mwanzo hadi mwisho. Wenzake walimwita mashine ya kusaga. Januarius alisema kama hali ni hiyo, Jumapili ya mavuno akakae na mama yake.

Kwa hiyo baada ya mazoezi Nyanjige na Minza walibaki kanisani, kisha wakarudi njia moja, Minza akimwaga habari zote za kwao. Nyanjige akaanza kuingojea njia ile kuliko mazoezi yenyewe.

Alimpa sauti, mtoto akanguruma. Akampa tena. Ilimchukua muda kutambua kwamba kosa ni lake. Alikuwa akianzisha wimbo chini, kama wanawake wanavyouanzisha kwenye palizi ili pumzi iwafikishe mwisho wa tuta. Huko chini mtoto hakuweza kufika, alikuwa akijikwaruza koo tu.

"Ndama wenu unawaitaje?" akamuuliza.

Minza akacheka. "Humu kanisani, dada?"

"Humu humu."

Mtoto akaita, sauti nyembamba, ndefu, safi. Nyanjige akaidaka kabla haijapotea, akaimba kwa sauti hiyo neno la kwanza la wimbo. Minza akalirudia, juu palepale. Kutoka hapo wakashuka pamoja, neno kwa neno, kama watu walioshikana mikono kwenye utelezi.

Jumapili Minza aliimba mstari wa mbele. "Binti, umeweza," Januarius alimwambia Nyanjige. Alipoinua macho ajibu, katekista alishageukia wengine.

Nje, watoto walimzunguka Minza wakitaka aanzishe tena. Akaanzisha. Wakaondoka naye wakiimba, wala hakutazama nyuma.

Nyanjige alingoja watangulie, kisha akashika njia. Wimbo ulikuwa bado unamfikia. Alitega sikio apate kosa, dogo tu, la kumfanya Minza abaki tena baada ya mazoezi. Hakulipata.