Kilo za Kujiiba

Mimi Wankyo nimepima pamba Bunda miaka kumi na tisa. Mkulima aliyelowesha gunia lake ili lizidi uzito nilimjua kabla hajalitua. Waliniita Mama Mizani, nami sikuwakataza.

Kwa hiyo mvua za Elinino ziliposomba daraja na kipindupindu kikaingia vijiji vya nyuma ya Buhemba, walioniita uwanja wa ndege Musoma hawakukosea. Helikopta kubwa ya jeshi, tumbo lake linameza lori, ilikuwa ipeleke huko mashine ya kisima, mabomba na saruji. Mafuta yalitosha safari moja tu. Binti yangu Jenoveva alikuwa huko na kichanga cha wiki tatu, wanakunywa maji ya mtoni.

Mizani haikuwepo. Kabla ya kupakia nikaigonga mashine, nikainua ncha ya bomba, nikahesabu mifuko.

"Tani nne na kilo mia moja," nikamwambia rubani, Kapteni Jilala.

"Ikizidi nne na mia mbili siinuki."

"Utainuka."

Hakuinuka. Mapanga yalizunguka, vumbi likatufunika, magurudumu yakabaki pale pale. Akazima injini, akashuka. "Mama, umenidanganya."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikapanda, nikaingiza mkono kwenye bomba la kwanza: dagaa. La pili: sabuni na chumvi. La tatu: unga wa wimbi, umefungwa kwa kitenge changu. Huo niliuficha mimi, wakati wa kupakia. Kwetu chombo hakiendi kwa ndugu kitupu, na kila aliyesaidia kupakia alidhani amejiiba kuweka chake peke yake.

Nikautoa wangu mbele ya watu wote. "Na nyie toeni!"

Wakatoa vifurushi thelathini na kitu, wakicheka kwa aibu. Kapteni hakucheka. "Sasa nitaamini nini?"

"Napanda mwenyewe. Ongeza kilo sabini na nane."

Nikakaa karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaogopa. Nje alisimama mume wangu Felisian, katekista, mtu asiyedanganya hata mgambo. Askari akaanza kufunga mlango.

"Ngoja!" Felisian akaja mbio, akapita bila kunitazama, akaburuta gunia la dagaa kutoka nyuma ya saruji. "Tunawekaga tu, mama Jenoveva. Nilijua haka kadogo hakana shida."

"Kadogo! Kilo arobaini hizo!"

Nyuma yake wakaja wengine tisa, vichwa chini, kila mmoja akachomoa chake. Niliwapenda na nilitaka kuwachapa. Rubani alipouliza ataamini nini, waliendelea kuficha. Waliponiona mimi ndani, hawakuweza tena.

Mlango ukafungwa. Magurudumu yakaachana na ardhi, nami nikalia kwa sauti, maana nilikuwa nakwenda kumshika mjukuu wangu.