Neno la Kufungia Bata

Isidore aliwakimbiza bata kuzunguka jiko tena, suruali imejaa matope hadi magotini, na bata walikuwa wametulia kumshinda. Walimngojea akaribie, kisha wakampita kushoto na kulia. Giza lilikuwa linaingia, na jana yake paka wa porini alikuwa amekula wawili. Hawa waliobaki walikuwa wa harusi ya binti yake, Chérie. Wakwe kutoka Lubondja wangefika Jumamosi, sasa wale mihogo mitupu? Aibu hiyo Isidore asingeimeza.

Mkewe, Anastasie, alikuwa ndani, malaria imemlaza. Yeye ndiye aliyewafunga kila jioni, kwa neno moja tu. Alilipata parokiani Baraka, zamani alipokuwa akimpikia Masera Pilar, mtawa Mhispania. Jua likizama mtawa aliwafunga kuku akisema encerrar, na Anastasie alipouliza maana, akaambiwa ni kuingiza ndani na kufunga: ng'ombe zizini, mwizi gerezani, hata jambo zito moyoni. Anastasie akachukua la kufungia bata, mengine akamwachia mtawa. Bata wake walikua wakilisikia, hawakujua wito mwingine.

Miaka yote Isidore alilicheka. Huko ziwani aliwaambia wavuvi wenzake kwamba mkewe anaongea na bata Kizungu kama gavana. Leo jirani yao, mama Émilienne, alikuwa barazani kwake anapepeta mchele na kumtazama, na maji yalikuwa yamemfika Isidore shingoni. Akaenda dirishani, akamwomba mkewe aite kutoka kitandani.

"Sauti yangu imekwisha, baba Chérie. Sema we."

"Mi? Kizungu ya bata, mbele ya batu?"

"Basi paka ndiyo itabaita."

Akarudi uani, akakohoa. "Enserari," akanong'ona. Bata wakamtazama tu. Ndipo akaitupa aibu, akapaza sauti hadi ungo wa Émilienne ukasimama. Bata jike mkubwa akageuka, akaingia bandani, na wengine wakamfuata, wakipita kando ya miguu ya Isidore bila haraka yoyote. Akaegesha ubao mlangoni, akaukandamiza kwa jiwe.

Ndani Anastasie alikuwa anacheka, kicheko chembamba cha mgonjwa, cha kwanza tangu homa imshike. Isidore alisimama akakisikiliza, manyunyu yakimlowesha mgongo, na moyo wake ukafurahi. Nje hapakubaki bata hata mmoja. Akasogea karibu na dirisha, akaita tena, "Enserari!"