Kiporo cha Asubuhi

Kila siku, mume akishaenda kazini na watoto wakishapanda basi la shule, Mama Vifuniko alibaki na kipande kidogo cha ukimya kabla wifi yake hajabisha hodi. Kipande hicho alikitumia kufanya mazoezi. Alisimama mbele ya sinki, akaweka bakuli tupu la plastiki juu ya kitambaa, akashindilia kifuniko pande zote kwa vidole gumba, kisha akainua ukingo kidogo hewa itoke na kuukandamiza tena. Kampuni iliwafundisha wauzaji wake wa majumbani kufanya hivyo mbele ya wateja huku wakitabasamu. Kushindilia alikuweza. Kutabasamu ndiko kulikomshinda, hasa asubuhi.

Siku moja katikati ya juma alifunga bakuli, na ukimya wote uliosalia ukaingia ndani. Hodi ikapigwa papo hapo. Mshale mrefu wa saa ya ukutani ulikuwa umesharuka robo nzima. Mama Vifuniko alilitikisa bakuli. Lilikuwa na uzito kidogo, kama lenye mchuzi wa jana. Akalisukuma ndani ya friji, nyuma ya maziwa, akaenda kufungua mlango.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kukaa kidogo. Kukaa kidogo kwa wifi kulimaliza birika la chai na habari za ukoo mzima, walio hai na waliotangulia. Mama Vifuniko alipojaribu kusema kwamba ana mizigo ya wateja ya kufunga, wifi alimtazama kwa huruma.

"Si utafunga baadaye? Wewe uko nyumbani tu."

Ile robo saa aliifungua jioni, watoto wakigombana, mafuta yakiwa motoni, na mteja akimsubiri getini. Alipong'oa kifuniko, kitunguu kiliganda kwenye mafuta kikiwa nusu kimekuwa chekundu, na mtoto mkubwa akabaki ameachama katikati ya tusi. Mwanga wa asubuhi ukatua juu ya sinki. Mama Vifuniko alifunga mzigo wa mteja, akabadilisha blauzi, na bado ikabaki nafasi ya kukaa kwenye kiti. Muda ulipokwisha, kitunguu kikaendelea, tusi likamalizika, na mtoto akapata kofi lake. Bakuli aliliosha kwa maji ya vuguvugu, kama kampuni ilivyoshauri.

Baada ya hapo alijifunza kwa kujaribu, kama mtu anayejifunza jiko jipya. Muda wa asubuhi ulikaa vizuri zaidi ya muda wa mchana, ambao ulivunda upesi. Uliochukuliwa wakati wa ugomvi uligeuka mchachu, ingawa haukuharibika. Ukiachwa nje ya friji, wote uliyeyuka kabla ya magharibi, na chini ya bakuli kukabaki unyevunyevu usio na faida kwa mtu. Hapakuwa na njia nyingine. Ilikuwa lazima uingie kwenye baridi.

Kiongozi wa kundi lake, yule aliyemwingiza kwenye biashara, alimpigia simu kumkumbusha mafunzo.

"Mwenzangu, tatizo si muda. Tatizo ni mpangilio."

"Naupanga, dada."

"Unaupangia wapi?"

"Kwenye friji."

"Safi kabisa," kiongozi alisema. "Ila usiuweke karibu na samaki."

Kiongozi alikuwa na habari nyingine. Kampuni ilikuwa inatafuta kiongozi mpya wa eneo lile. Mkaguzi kutoka makao makuu angekuja kumwangalia Mama Vifuniko akifanya maonyesho sebuleni kwake, mbele ya wageni wake mwenyewe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akifaulu, atapewa wauzaji chini yake na chumba kwenye jengo la kampuni. Akishindwa, atakaa mwaka mzima ndipo afikiriwe tena.

Uongozi ni kitu kizuri, lakini Mama Vifuniko alikitaka chumba. Alikitaka hata akakiota. Bidhaa zake zililala chini ya kitanda, juu ya kabati na ndani ya beseni la kuogea, na mumewe alizoea kuamka na vifuniko miguuni. Chumba cha kampuni kilikuwa na meza, dirisha na mlango. Mtu aliyekaa nyuma ya mlango ule hakuwa nyumbani tu. Alikuwa kazini, na wanaomtaka wangelazimika kubisha na kungoja.

Maonyesho yenyewe yalihitaji asubuhi nzima ya maandalizi: kung'arisha vyombo vya mfano, kuvipanga kwa ukubwa, kuwapigia wageni waliozoea kusahau, kufanya mazoezi ya maneno, na ya lile tabasamu. Asubuhi nzima haikuwahi kupatikana katika nyumba ile, hata kwa bahati mbaya. Basi akaanza kuidunduliza. Alikatisha chai yake katikati. Alifunga dakika za kusubiri wali ukauke, za foleni ya maji na za kusubiri zamu kliniki, ambako alikwenda na kibakuli kwenye mkoba na hakuna aliyemuuliza. Muda bora aliumimina kwenye kopo kubwa la unga, lile lenye kifuniko cha kijani, akaliweka rafu ya chini ya friji, na makombo akayaacha kwenye vibakuli vidogo. Alikonda kidogo mwezi ule. Lakini kila alipoinua kopo alilisikia limezidi uzito, na akafurahi, akaimba hata nyimbo za shuleni. Ilipofika wiki ya mwisho, ndani ya kopo mlikuwa na asubuhi kamili, na ukiweka sikio kwenye plastiki uliwasikia ndege wake.

Sasa nyumba ile ilikuwa na desturi moja, iliyoletwa na mume kutoka kwao, ambako walizaliwa wengi na kula sahani moja. Chochote kilichoingia kwenye friji kilikuwa cha wote. Hapakuwa na soda ya fulani wala kipande cha nyama cha fulani. Mwenye njaa alifungua, akala, na hakuomba ruhusa. Mama Vifuniko mwenyewe aliipenda desturi hiyo alipoolewa. Ilimfanya ajihisi mwenyeji.

Jumamosi ilipofika, mumewe alikuwa mapumzikoni. Alikuwa fundi wa lifti, na wiki nzima alishinda ndani ya mashimo ya maghorofa, akining'inia. Mama Vifuniko alimwacha kitandani, akaenda kwa jirani kuazima viti. Alivibeba kwa awamu, akavipanga ukumbini. Kisha akaingia jikoni kufungua asubuhi yake.

Kopo la unga lilikuwa kwenye sinki, limelala ubavu. Kifuniko cha kijani kilielea kwenye maji ya vyombo. Mumewe akatoka chumbani akijinyoosha, uso umejaa kama wa mtu aliyetoka likizo.

"Umefungua kopo la chini?"

"Lile kubwa? Ehe. Nilikuwa natafuta maji baridi."

"Halafu?"

"Nikakuta asubuhi. Nikasema ngoja nipumzike kidogo." Akapiga miayo ya raha. "Mama watoto, unajua kuhifadhi! Nimelala usingizi ambao sijaulala tangu tuoane. Na ndege wanaimba."

"Ilikuwa ya kazi."

"Kazi gani na leo Jumamosi? Mimi nilidhani kiporo."

Wifi alikuwa kwenye sofa, nywele zimesukwa upya kwa mistari myembamba ambayo msusi yeyote angeifanya kuanzia alfajiri. Alijigusa kichwa.

"Mimi nilichota kidogo tu, wifi. Nilikaribishwa."

"Na mimi ndiye niliyemkaribisha," mume alisema. "Chakula kingi hakiliwi na mtu mmoja." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamshika mkewe bega. "Pole. Si utatengeneza nyingine?"

Ilimuuma. Alitamani kupiga kelele mpaka majirani watoke, lakini kelele nazo zinataka muda, na muda ulikuwa umelaliwa. Akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia mumewe apeleke viti sebuleni, akafunga mlango wa jikoni.

Vibakuli vidogo vilikuwepo bado, nyuma ya maziwa, kwa sababu hakuna aliyeona vina cha kushibisha. Akavifungua kimoja kimoja. Dakika za foleni ya maji zilimlazimu kufanya kazi kwa kusogea hatua fupifupi, kana kwamba kuna mtu mbele yake. Zile za kliniki zilinuka dawa ya sakafu, na kwa mbali mtoto wa mtu alilia kwa kuchomwa sindano. Za kusubiri wali zilikuwa na joto, akatoka jasho. Mwishoni alifungua kile kichachu, alichokifunga siku aliyobishana na mumewe kuhusu beseni la kuogea. Kile ndicho kilichofaa kuliko vyote. Kwa hasira iliyokuwemo alivisugua vyombo vya mfano mpaka vikawa kama havijawahi kuguswa. Mazoezi ya tabasamu hayakupata muda. Akayaacha.

Wageni walikuja, hata wale wa kusahau. Mkaguzi alikaa mbele, mama mwenye miwani na viatu vya kufunga kamba. Mama Vifuniko alijaza bakuli maji, akalifunga, akaligeuza juu chini juu ya mapaja ya mkaguzi. Halikudondosha hata tone. Hakutabasamu. Alisema bei, akasema rangi zilizopo, akasema kwamba yeye havitumii kwa sababu anauza, anauza kwa sababu anavitumia.

Mshonaji wa mtaani, aliyekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono.

"Nasikia lako linahifadhi muda. Kweli au maneno ya watu?"

Mama Vifuniko alichukua bakuli kavu, akalishika katikati ya chumba, akashindilia kifuniko. Papo hapo vikombe vya chai vilikuwa vitupu mikononi mwa wageni na hakuna aliyekumbuka kuinywa. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimesogea hadi kwenye viatu vya mkaguzi. Mshonaji akalipokea bakuli, akalipima uzito kwa kiganja.

"Linashika," alisema.

Wakaanza kuuliza mmoja baada ya mwingine. Mwalimu aliuliza kama kuna la kutosha mchana wa kusahihisha. Muuguzi aliuliza kama muda wa zamu ya usiku unakubali. Kisha mshonaji akauliza tena, kwa sauti ya chini, kwa kuwa mume na wifi walikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Na unauweka wapi wasiufungue?"

Wanawake wote walikuwa wanamtazama Mama Vifuniko. Kampuni ilikuwa imewafundisha majibu ya kila swali, lakini lile halikuwa miongoni mwake.

"Sijapata mahali," alisema. "Leo wamefungua asubuhi nzima. Haya mnayoyaona nimeyafanya kwa makombo."

Hakuna aliyeshangaa. Muuguzi alisema yeye ataandika juu ya bakuli, "Sumu ya mende." Mwalimu alisema kwao hata sumu ya mende wataionja kwanza. Walicheka sana, mmoja mpaka akajifuta macho, kisha wakanunua vyote vilivyokuwa mezani, na vingine vikatolewa chini ya kitanda.

Mkaguzi alibaki hadi mwisho. Aligeuza kopo la unga, akakagua ukingo.

"Dhamana yetu ni ya kifuniko," alisema. "Kilichomo ndani kinabaki kuwa jambo la mteja na nyumba yake."

"Nimeelewa."

"Hukutabasamu hata mara moja."

"Sikupata muda."

"Haidhuru. Umefaulu."

Chumba alikipata, chenye meza, dirisha na mlango, kama walivyoahidi. Muda wa kwenda kukikalia ndio uliobaki nyumbani. Asubuhi wifi alikuja kukaa kidogo, mchana watoto walirudi na njaa, na mumewe, aliyekuwa akijivunia mkewe kwa kila fundi mwenzake, alimwambia aende chumbani kwake wakati wowote anaotaka, mradi amalize ya hapa.

Ni kwa kujivunia huko mume alimnunulia zawadi. Wapagazi wawili waliiingiza kwa ubavu, ikapita kwa shida ukumbini, ingawa bidhaa hazikuwepo tena nyumbani. Lilikuwa friji refu la milango miwili, jeupe, linalofika karibu na dari.

"Zawadi ya kiongozi," mume alisema, na sauti yake ilikuwa na mapenzi ya kweli. "Lile dogo lilikuwa linakubana. Humu utaweka mpaka Jumapili nzima."

Wifi alikuwa ameshafungua mlango wa juu, anapima rafu kwa macho.

"Hii ya katikati iko usawa wangu," alisema. "Sitainama."

Fundi aliyekuja kuliunganisha na umeme alikuwa amepiga goti nyuma. Mama Vifuniko alimwinamia.

"Haya hayaji na ufunguo?"

"Ya dukani yanakuja nao, mama. Ya nyumbani hakuna anayeuulizia."

"Mimi naulizia."

Fundi aliacha waya, akamtazama mume kuona kama na yeye anauulizia. Mume akacheka kwa wema.

"Ufunguo wa nini? Humu ndani kuna mgeni?"

Fundi akasimama, akajikung'uta magoti, akasema lisiwekwe kitu mpaka lipate baridi. Kisha akaomba sahihi ya mwenye friji. Mume akatia sahihi.

Mama Vifuniko alipangusa rafu zote kwa kitambaa chenye siki, ya juu mpaka ya chini. Mume na wifi walikwenda sebuleni kunywa chai ya kulipongeza friji, wakamwita aje naye. Akaitika kwamba anakuja. Akachukua bakuli, akashindilia kifuniko pande zote kwa vidole gumba, na akafunga humo muda wa kulisubiri lipoe.