Nakala ya Sahihi ya Fundi

Siku ya hukumu mjane wa seremala alivaa viatu vya kubana, akidhani maumivu ya vidole yatamsahaulisha ya moyoni. Wapi!

Kampuni ilidai mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe, aliziuza hisa zake zote mwaka mmoja kabla ya kufa. Mjane hakuambiwa kitu. Hati ya hisa anayo yeye, tena ameipiga laminesheni kama picha ya arusi. Basi mwongo ni mmoja kati ya wawili: kampuni au Fundi. Hilo ndilo lililompeleka mahakamani. Majirani walidhani anafuata pesa, akawaacha wadhani.

"Wewe nyamaza tu, mama," wakili wake alikuwa amemwambia, kijana mwenye tai ndefu kuliko orodha ya kesi alizoshinda. "Mwenye hati mkononi ndiye mwenye mali. Mzigo wa kuthibitisha ni wao."

Na mzigo ukawaelemea. Fomu halisi ya mauzo haikuonekana, wakaleta fotokopi. Ilipopitishwa mbele yake, mjane aliitazama sahihi. Fundi alikuwa na mazoea ya kuinua kalamu kabla ya herufi ya mwisho na kupuliza karatasi, kana kwamba ina unga wa mbao. Pengo lilikuwapo. Lakini hata mghushi hodari huiga pengo. Hakuna aliyemuuliza, naye akanyamaza.

Siku hiyo ya hukumu hakimu akasema nakala bila maelezo ya kuaminika ya ilikopotelea fomu halisi haipokelewi. Kampuni imeshindwa kuthibitisha. Hisa ni za mjane.

"Tumeshinda, mama!"

"Kwa hiyo Fundi hakusaini?"

Wakili akakuna shingo. "Hilo hatulijui. Ila wao hawakuthibitisha."

"Mwanangu, mimi nililijia hilo hilo."

Kijana akatazama saa yake. Alikuwa na kesi nyingine.

Mjane alirudi kwa miguu, akaifungua karakana iliyofungwa tangu maziko. Msumeno ulikuwa ukutani, penseli bado imelala juu ya meza. Akaiweka hati kando yake.

"Fundi, ulisaini?"

Shahidi mwingine hakuwa naye. Akangoja, ingawa alijua anajisumbua. Kisha akavua viatu, akaketi kwenye kigoda cha mumewe, akalia.